Namna ya kutoa vitu vilivyoharibiwa na mafuriko kabla waokotaji hawajafika

Kabla hujatoa chochote kando ya barabara, piga picha za kila kitu, pamoja na namba zilizobandikwa nyuma ya vifaa vya umeme, kwa sababu waokotaji huwahi kufika na bima hailipi kwa maneno matupu. Godoro lililolowa maji ya mafuriko, ambayo mara nyingi huchanganyika na maji taka, huweza kuanza kuota ukungu ndani ya saa 24 hadi 48. Lichane katikati kwa kisu, asije mtu akalilalia. Ng'oa mlango wa jokofu ili mtoto asijifungie ndani, kata nyaya za vifaa vilivyozama baada ya kuhakikisha vimechomolewa kwenye umeme, na hati zenye namba za akaunti zichanwe vipande vidogo. Vyuma chakavu viweke peke yake: anayevichukua anakupunguzia mzigo, wala hakuna haja ya kumfukuza.