Kabla hamjawasha gari kwenda Spiti

Spiti ni bonde kavu la Himalaya katika jimbo la Himachal Pradesh, kaskazini mwa India, jirani kabisa na mpaka wa Tibet. Kaza, mji mdogo ambao ndio makao makuu ya bonde, uko karibu mita 3,700 juu ya usawa wa bahari. Waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu waichukulie Kaza kama Horombo. Lakini Horombo mtu hufika kwa miguu yake, siku ya pili, na mbele yake yupo kiongozi anayemkumbusha kwenda pole pole. Spiti unaweza kufikishwa ndani ya siku moja ukiwa umekaa kwenye kiti unatafuna karanga. Gari linapanda, mwili unabaki nyuma. Kwa hiyo ninyi wawili mnaopanga kwenda, msianze na mabegi. Anzeni na njia.

Njia ni mbili. Moja inatoka mji wa Manali, inapita kwenye handaki la Atal lenye urefu wa kilomita 9 lililofunguliwa mwaka 2020, kisha inafuata mto Chandra juu ya mawe hadi Batal na kuvuka kipito cha mlima cha Kunzum, karibu mita 4,550. Ni fupi, kama kilomita 200 hadi Kaza, na ufupi huo ndio ubaya wake. Manali iko mita 2,000 na kidogo. Mkiondoka alfajiri, usiku mnalala Kaza, au vibaya zaidi, kwenye mahema ya Chandratal, ziwa lililo juu ya mita 4,200. Mwili haujapewa nafasi yoyote ya kuzoea.

Nyingine inazunguka kutoka Shimla, mji mkuu wa jimbo, kupitia wilaya ya Kinnaur, kilomita zaidi ya 400, na inapanda kwa ngazi. Shimla iko mita 2,200, Kalpa karibu 2,960, Tabo karibu 3,280, ndipo Kaza. Kanuni inayofuatwa na madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi mita 500 juu ya pale ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne ulale palepale siku ya ziada. Ukiipanga njia ya Kinnaur vizuri, kanuni hiyo inatimia karibu yenyewe: kijiji cha Nako, kilicho juu zaidi ya Tabo, mpite mchana mle chakula, kisha mshuke kulala Tabo. Siku ya kupumzika mkaiangalie monasteri ya Kibudha ya hapo, kuta za udongo zilizosimama tangu mwaka 996. Mimi sioni sababu ya mgeni kuingia kwa Manali. Ingieni kwa Kinnaur, tokeni kwa Manali, na kama hamna siku nane au tisa za mzunguko wote, chagueni bonde jingine.

Jambo la pili haliuzwi dukani. Kabla ya kuondoka, kaeni na mwenzako mkubaliane nani ana neno la mwisho siku mmoja akiumwa. Pendekezo langu ni kwamba anayetaka kushuka ndiye anayeshinda, bila kura na bila kumkumbusha pesa zilizokwisha lipwa. Mlielewane mkiwa bado mna akili timamu, kwa sababu hewa hafifu huanza kwa kumwibia mtu busara ya kujipima. Na sisi tuna tatizo letu la ziada. Mtu wa kwetu akiulizwa hali hujibu "nzuri" au "poa" hata kama amelazwa, ni adabu. Huko juu adabu hiyo inaua. Kwa hiyo kila jioni msiulizane hali. Ulizaneni: kichwa kinauma? Umemaliza chakula? Usiku uliamka mara ngapi? Kichwa kinachouma pamoja na kichefuchefu, uchovu au kizunguzungu ni ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo, na dawa yake ya kwanza ni kutopanda zaidi.

Zipo dalili ambazo hazingoji asubuhi. Mwambie mwenzako atembee mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akiyumba, au akianza kusema mambo yasiyoeleweka, au akihema akiwa amekaa tu huku anakohoa, mnashuka usiku huohuo. Hapa ramani ni muhimu kuliko dawa. Mkiwa Kaza, Manali inaonekana karibu zaidi, ina hospitali kubwa, na kishawishi ni kukimbilia huko. Msifanye hivyo, maana mtalazimika kumpandisha mgonjwa hadi Kunzum kwanza. Kutoka Kaza kushuka ni kuelekea Tabo na Kinnaur. Pitieni kwanza hospitali ndogo ya Kaza apewe oksijeni, kama ipo njiani mwenu.

Kabla hata ya tiketi, muoneni daktari. Acetazolamide, inayojulikana zaidi kwa jina la Diamox, husaidia mwili kuzoea na huanzwa siku moja kabla ya kupanda. Mwenye mzio wa dawa za salfa lazima aseme mapema. Ila swali ambalo daktari wa Ulaya au wa India huenda asiwaulize ni la selimundu. Mgonjwa wa selimundu asiifikirie safari hii bila daktari wake. Na hata yule anayebeba kijeni kimoja, ambaye kipimo chake husomeka AS na nyumbani haumwi chochote, anaweza kushikwa na maumivu makali ya bandama akiwa juu, kwa kuwa upungufu wa oksijeni hufanya seli nyekundu zijikunje na kuziba mishipa. Wengi wetu hatujui majibu yetu. Kipimo hakina gharama kubwa, pimeni. Maumivu yakitokea chini ya mbavu za kushoto, shukeni, na mwambieni daktari neno hilo la AS bila kungoja aulize.

La pili la kwetu ni malaria. Homa ikikupata wiki mbili baada ya kutoka Mwanza, Kisumu au Kisangani, usiseme haraka kwamba ni mlima. Vimelea uliondoka navyo nyumbani, na daktari anayefanya kazi kwenye baridi ile hana sababu ya kuviwaza. Wekeni begini vipimo vya haraka vya malaria na dozi ya dawa mseto, mkielekezwa na mfamasia namna ya kuvitumia. Makopo madogo ya oksijeni yanayouzwa njiani yaacheni. Yanakwisha kwa dakika chache, na kazi yao kubwa ni kumtia mtu moyo wa kubaki mahali alipopaswa kushuka.

Makaratasi yana mtego wake. India hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa wasafiri kutoka nchi nyingi za Afrika, nyingi za kwetu zikiwemo, na sindano iwe imechomwa siku 10 au zaidi kabla ya kufika. Asiye nacho anaweza kuwekwa karantini, na safari inaishia uwanja wa ndege. Kisha kuna kibali cha eneo la mpakani. Mgeni asiye raia wa India hapiti sehemu ya juu ya Kinnaur kati ya mji wa Reckong Peo na Sumdo, mlango wa kuingilia Spiti, bila kibali hicho, ambacho hutolewa Shimla, Reckong Peo au Kaza kwa pasipoti, viza, nakala zake na picha. Kwa muda mrefu sharti limekuwa waombaji wawe wawili au zaidi, kwa hiyo rafiki hapa ana faida ya kiserikali pia. Msifike Reckong Peo Jumamosi jioni, mtakaa bure hadi Jumatatu. Anayeingia na kutoka kwa Manali tu, akiishia Kaza au Tabo, hakihitaji.

Simu ya setilaiti msibebe. Mtu mwenye nia njema huona ndiyo tahadhari kubwa kuliko zote, lakini India imekataza kuwa nayo bila idhini, na wageni wamekamatwa viwanja vya ndege kwa ajili ya simu hizo na hata vifaa vidogo vya kutuma ujumbe wa dharura.

Msimu. Mwezi mzuri ni Septemba, na siku za mwanzo za Oktoba kwa wasioogopa baridi. Kunzum hufunguka kama Juni na kufungwa na theluji majira ya Oktoba au baadaye kidogo. Julai na Agosti ndipo wengi hudanganyika: Spiti yenyewe haipati mvua nyingi kwa kuwa milima imeikinga na mvua za monsuni, lakini kuifikia lazima mpite Kinnaur au Manali, na huko mvua ni balaa. Tarehe 11 Agosti 2021, mlima uliporomoka Nigulsari, Kinnaur, ukafukia basi na magari mengine. Walikufa watu 28. Julai 2023 mafuriko yalikata barabara za Manali, na wakati huohuo theluji isiyotarajiwa iliwafungia watalii zaidi ya 250 Chandratal hadi walipookolewa. Mwenye likizo ya Agosti peke yake aende kwingine.

Gari liwe limeinuka. Si lazima liwe la kuvuta kwa magurudumu yote, lakini lenye tumbo la chini litaachia sampo yake kwenye mawe ya mto Chandra, kati ya Gramphu na Batal. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu ya kumi ya nguvu kila mnapopanda mita 1,000, kwa hiyo kagari kadogo kalikokuwa kakiruka Delhi, kwenye kijiji cha Langza juu ya Kaza katajikongoja kwa gia ya kwanza. Mkikodi la kuendesha wenyewe, liangalieni kibao cha namba. Gari halali la kukodi bila dereva lina kibao cheusi chenye maandishi ya njano. Kibao cheupe ni gari la mtu binafsi, na siku ya ajali bima italikana. Muwe na leseni ya kimataifa pamoja na ya nyumbani. India huendesha kushoto, hivyo Mtanzania, Mkenya na Mganda wapo nyumbani. Mkongomani, Mrundi na Mnyarwanda wajipe siku mbili za tambarare kwanza.

Kwa ukweli, kama hakuna kati yenu aliyewahi kuendesha barabara ya mlimani isiyo na kingo, chukueni dereva wa Himachal. Gharama inaongezeka, lakini anajua korongo lipi linavukika saa ngapi. Maji ya makorongo yanayokatiza barabara hutokana na theluji inayoyeyuka: asubuhi yanafika nusu ya tairi, alasiri jua likishafanya kazi yanabeba mawe. Ndiyo maana magari ya huko huondoka alfajiri, na ndiyo maana msipange kuendesha baada ya saa kumi na moja jioni. Mkiendesha wenyewe, anayepanda ndiye mwenye haki ya njia, honi hupigwa kila kona isiyoonyesha mbele, na kwenye mteremko gia ndiyo ishike gari, breki zisaidie tu. Anayekaa pembeni asilale. Kazi yake ni kuangalia mawe yanayodondoka juu na kumwambia dereva ukweli kwamba amechoka.

Kwenye buti kuwe na spea mbili ikiwezekana, jeki iliyojaribiwa, pampu, kamba ya kuvutia, tochi, maji na chakula cha siku nzima. Petroli jazeni karibu na Reckong Peo, kisha Kaza, na baada ya hapo msitarajie kituo hadi muwe mmekaribia Manali. Ukiongeza vijiji vya juu ya Kaza, yaani Key, Chicham, Langza, Hikkim yenye posta iliyo juu ya mita 4,400, na Komic, tangi linapungua haraka kuliko ramani inavyosema. Fedha taslimu tolea Shimla, maana huko juu mashine ya benki na malipo ya simu vyote vinategemea mtandao, na mtandao una siku zake. Laini za BSNL na Jio ndizo zinazoshika zaidi. Rafiki mmoja achukue hii, mwingine ile.

Nguo sitazisemea sana: tabaka nyingi nyembamba, koti la upepo, kofia ya sufu, glavu. Miwani ya jua ni ya lazima, maana weusi wa ngozi haulindi macho, na midomo hupasuka siku ya kwanza. Chakula hakiwezi kumtesa mtu wa kwetu, chai ya maziwa, chapati, wali na maharage vipo kila kituo. Nyumba nyingi za wageni ni za familia, choo kiko nje, na usiku wa Septemba maji huweza kuganda. Chumba chenye jiko la kuni au mkaa kiachiwe tundu la hewa; yanayotokea kwa jiko la mkaa vyumbani mwetu yanatokea na huko.

Tiketi ya ndege ya kurudi iacheni na siku mbili za akiba. Jioni ya mwisho Kaza, nendeni stendi mkawaulize madereva walioingia siku hiyo kutoka Losar, kijiji cha mwisho kabla ya Kunzum: Kunzum ikoje, korongo la Batal limeshuka au limepanda, kuna theluji? Wakitikisa kichwa, msibishane nao. Ombeni kibali kipya kwenye ofisi ya Kaza kama cha kwanza kimeisha muda, geuzeni gari, rudini kwa Kinnaur.