Namna ya Kuitafuta Historia ya Mombasa Nje ya Rafu ya Historia

Anayetaka kuijua historia ya Mombasa huelekezwa moja kwa moja kwenye rafu ya historia, na hapo hukutana na Wareno walioanza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593, Waomani walioitwaa mwaka 1698 na reli iliyoanza kutandazwa mwaka 1896. Hayo yanafaa kujulikana, lakini makuli wa Kilindini, wapangaji wa vyumba vya Majengo na akina mama wa vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake wa pwani, ni nadra kuonekana hapo. Nao wamo maktabani, ila wamehifadhiwa chini ya mada nyingine, na kuwapata kunahitaji utaratibu.

Anza na swali jembamba. Ukimwambia mkutubi kwamba unatafuta historia ya mji, atakupa kitabu kile kile alichompa mwanafunzi wa jana. Ukimwuliza wafanyakazi wa bandari walilala wapi katika miaka ya 1940, atalazimika kufikiri pamoja nawe. Mwulize pia kuhusu vitabu vya kumbukumbu visivyoazimwa, kwa kuwa aghalabu huwekwa mbali na macho ya wasomaji. Katika maktaba zinazofuata mpango wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba za mada, historia ya Kenya iko 967.62, ilhali masuala ya kazi yako 331, mila na desturi katika 390, na fasihi ya Kiswahili 896.392. Zipitie rafu hizo zote kwa swali lako lile lile.

Chukua mfano wa mgomo mkuu wa Januari 1947, ambapo maelfu ya wafanyakazi wa bandari, wa reli, wa hoteli na wa majumbani waliacha kazi kwa wakati mmoja. Vitabu vya jumla huutaja kwa sentensi mbili tatu, na jina la Chege Kibachia, kiongozi wa wafanyakazi hao, likishatajwa, mambo huishia hapo. Lakini makuli walikuwa wamegoma pia mwaka 1939, na serikali ya kikoloni iliunda tume ya kuchunguza hali ya kazi mjini, iliyoongozwa na Willan. Ripoti za namna hiyo huonekana kavu, nami nakiri kwamba nyingine ni kavu kweli. Hata hivyo, usiishie kwenye mapendekezo. Tafuta kurasa zinazozungumzia mishahara, kodi za vyumba na bei za vyakula, maana hapo ndipo mtu asiyetajwa jina huonekana akihesabu senti zake kabla ya mwisho wa mwezi. Kumbuka tu kwamba aliyeandika alikuwa mwajiriwa wa serikali, na kwamba maneno ya kuli yamemfikia msomaji kwa kalamu ya mwingine.

Ndiyo sababu ripoti isomwe sambamba na magazeti. Kabla ya kulitumia gazeti, uliza ni la nani na liliwaandikia kina nani: African Standard lilianzishwa mjini Mombasa mwaka 1902 na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee, ilhali Al-Islah la Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, lililoanza mwaka 1932, liliwasemesha Waislamu wa pwani kuhusu dini, elimu na mwenendo wao. Ukurasa wa mbele haukufai sana. Barua za wasomaji na matangazo ya biashara husema zaidi, kwa sababu walioyaandika hawakudhani kwamba wanaandika historia.

Mashairi nayo yasirukwe. Tungo za Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa hadi karibu mwaka 1840, zimebeba uhasama wa Wamazrui, watawala wa Mombasa wakati huo, na Sayyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, pamoja na njaa, madeni na mapenzi ya watu wa mji. Zilihifadhiwa vichwani na katika hati za Kiarabu, Mwalimu Sikujua akashirikiana na mmishenari W. E. Taylor kuzikusanya, na diwani ikachapishwa mwaka 1940. Soma maelezo ya mhariri kwa hadhari, kwani tukio linalodaiwa kulizaa shairi huenda ni kisio lake.

Kwa upande wa wanawake, ulizia simulizi za maisha ya wanawake watatu wa Mombasa zilizokusanywa na Sarah Mirza na Margaret Strobel, zilizotoka kwa Kiingereza mwaka 1989 na baadaye kwa Kiswahili. Huenda zisiwe kwenye rafu ya historia kabisa.

Kwa kila unachonakili, andika jina la chapisho, tarehe, ukurasa na namba ya rafu siku hiyo hiyo, na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Jambo likitajwa na chanzo kimoja tu, liandike kuwa dai. Tanbihi zikikuelekeza kwenye majalada ya Mkoa wa Pwani, nakili namba za majalada hayo kikamilifu kabla ya kufunga safari ya kwenda Nyaraka za Taifa jijini Nairobi, kwa maana huko mhudumu hukuletea jalada uliloliagiza kwa namba yake.