Kuzamia Bawe kutafuta viumbe wadogo

Wageni wengi wakifika Zanzibar huulizia kasa na pomboo. Nikimpata mzamiaji mwenye subira na cheti chake, humpeleka Bawe, kisiwa kidogo mbele ya Mji Mkongwe, tukatazame viumbe wasiozidi ukucha.

1. Chagua siku. Bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, lipite kwanza. Siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo, mkondo hupoa na mchanga hautibuki sana.

2. Pima risasi zako, yaani vipande vya uzito vinavyokuzamisha. Hapa usifanye haraka. Jaketi lako la hewa likiwa tupu na mapafu yana pumzi ya kawaida, maji yakufike usawa wa macho. Ukizama hapo hapo, punguza risasi. Mzamiaji mzito hutafuta pa kujishikiza, na mwambani karibu kila unachoshika kina uhai. Ukiwa chini, lala kifudifudi, mapezi yainuke kidogo, upige miguu kama chura. Pumua taratibu, usizuie pumzi kamwe.

3. Tulia kwenye mita 8 hadi 12. Eneo la mkeka mmoja linatosha dakika kumi. Washa tochi hata mchana, kwani maji humeza rangi nyekundu kwanza.

4. Fuata chakula na makazi. Konokono bahari wengi wasio na gamba hula sponji, basi anza na sponji. Ukiona utepe wa mayai uliojikunja kama waridi, aliyetaga huenda yuko jirani. Usimsogeze kwa kijiti ili upate picha. Nimeona ikifanywa, na inaniuma: ukimtoa kwenye sponji yake umemnyang'anya chakula.

Kisha geukia mchangani, ninakopapenda zaidi. Tafuta tundu lenye samaki mdogo mlangoni. Simama mita mbili, tulia. Kamba mdogo atatoka akisukuma mchanga kama tingatinga, sharubu yake moja ikimgusa samaki muda wote, maana yeye haoni vizuri. Samaki ndiye mlinzi: akitikisa mkia, kamba anarudi shimoni. Mpango huo ukivunjika, umesogea mno. Rudi nyuma usubiri upya.

5. Panda mapema. Ufike juu geji ya hewa ikisoma bado bar 50 mtungini. Usizidi mita 9 kwa dakika, na usimame dakika 3 kwenye mita 5. Kama umezamia zaidi ya mara moja, subiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege.