Basi la ghorofa kuwa mgahawa, pwani ya Mtwara na Lindi

Ukitaka basi la ghorofa lililostaafu liwe mgahawa Shangani, Mikindani au ufukweni Lindi, jiko liache kwanza. Anza na upepo na chumvi.

Chukua mfano wa Routemaster, yale mekundu ya London yaliyoondolewa kwenye ruti za kawaida Desemba 2005. Lina urefu wa mita 8.4 na kimo cha karibu mita 4.4, kwa hiyo ubavu mmoja tu unapokea upepo kwa mita za mraba zaidi ya 35. Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi. Elekeza pua kusini-mashariki ili upepo wa kusi ulikute kwa mbele, si kwa ubavu.

Injini na giaboksi zina soko la spea, lakini huo ndio uzito wa chini unaolituliza basi. Ukiutoa, ufidie. Mwaga misingi minne ya zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), kila mmoja sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini; mmoja una karibu nusu tani. Kwenye mchanga tifutifu chimba zaidi hadi ukute ardhi ngumu. Usitumie mchanga wa baharini kabisa, chumvi yake hula nondo. Mwagilia siku 7 ndipo ushushe basi na kulifunga kwa bolti. Routemaster haina chesisi nzima ya kawaida: liegemeze kwenye fremu ya mbele na ya nyuma, kamwe si kwenye sakafu. Tangi la mafuta usilikate kwa moto hata kama limekauka, mvuke uliobaki hulipuka.

Sasa kutu, adui wa kila siku. Bodi ni alumini na fremu zile ni chuma. Vikigusana penye unyevu wa chumvi, alumini huliwa kwanza. Bonyeza rangi iliyovimba kwa ncha ya bisibisi: ukitoka unga mweupe, bati hilo ling'olewe. Piga msasa, paka rangi ya kuzuia kutu pande zote mbili, weka ukanda wa mpira katikati, kisha funga kwa ribiti za alumini. Mafundi wengi huziba kwa silikoni vitundu vya kutolea maji chini ya madirisha. Viache wazi, la sivyo maji hukaa ndani na kuozesha usichokiona. Osha bodi kwa maji yasiyo na chumvi kila wiki.

Jiko likae chini, na juu kusiwe na jokofu wala tanki la maji. Gesi asilia ya Mnazi Bay ni nyepesi na hupanda, ila ya mtungi ni nzito, hutuama sakafuni. Mtungi uwe nje, na toboa tundu la hewa usawa wa sakafu. Ghorofani ngazi ni moja tu, hivyo dirisha la dharura la nyuma lifunguke kwa mkono, bila meza mbele yake.