Jinsi ya kuizoea pwani maji yakipwa

Ukikaa Chwaka siku chache utaona watu wa aina mbili wakishuka pwani. Wapo wanaofika, wakatazama, wakapiga picha, wakaondoka. Na wapo wanaojua kwamba lile jiwe kule mbele, lenye ufa upande wa chini, lina pweza. Nasomesha skuli ya msingi huku mashariki ya Unguja, na kila mwaka nawapeleka wanafunzi wangu pwani. Nimeamini kwamba kinachowatofautisha watu hao si elimu, wala si kuzaliwa ufukweni. Ni kurudi. Anayerudi mahali pale pale, kwa saa ya bahari na si kwa saa yake, pwani humfungukia.

Basi chagua kipande kidogo, ambacho utakimaliza kwa mwendo wa dakika tano. Kiwe na mchanga, majani ya bahari, mawe kidogo, na ukibahatika dimbwi lisilokauka. Usiitamani pwani nzima. Kipande hicho kitakutosha miaka.

Saa yako itakuwa mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukifika kumi na nne, kumi na tano, linakuja bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana, na huku kwetu tofauti ya kujaa na kupwa huweza kukaribia mita 4. Siku bora ni moja au mbili baada ya mwandamo au baada ya mwezi mpevu. Katikati yake, kwenye mwezi saba au nane na mwezi ishirini na mbili hivi, ni maji mafu, hayaendi mbali. Kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani kwenu itakwambia yote hayo. Shika na jambo jengine: siku za bamvua, Unguja, maji hupwa kabisa baina ya saa nne na saa tano asubuhi, na kila siku inayofuata huchelewa kwa takriban dakika 50. Ukilijua hilo, utaweza kukisia hali ya maji hata ukiwa umekaa ndani ya daladala mjini.

Shuka saa moja na nusu kabla maji hayajamaliza kupwa, uyafuate yanavyorudi nyuma. Yakigeuka, nawe geuka. Nasema kwa msisitizo, kwa sababu pwani yetu ni tambarare na maji yanayojaa hupitia kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma yako. Mbele unaona bado pakavu, kumbe njia ya kurudia imeshakatika. Mwambie mtu wa nyumbani unakwenda wapi.

Vaa viatu vya raba vyenye soli ngumu, ndara hazifai. Kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi inayovunjikia ndani ya nyama ya mguu, kuna samaki anayejifanya jiwe mwenye miiba ya sumu mgongoni, na kuna taa aliyejifukia mchangani. Penye maji buruta miguu, usiinyanyue, naye taa atakusikia na kuondoka. Ukimwona konokono mwenye umbo la pia, mwenye nakshi za kupendeza, usimshike kabisa. Huchoma kwa mshale wenye sumu, na sumu ya baadhi yao inaua mtu.

Ukifika kwenye kipande chako, chutama. Usitembee tena. Viumbe wa pwani wanasikia vishindo vyako kabla hujawaona, na mtu anayetembea bila kusimama huona mashimo tu. Ukitulia, baada ya dakika chache kaa wataanza kuchungulia. Wale wadogo wa kwenye matope, dume lina gando moja kubwa na hulipunga juu chini kuwaita majike. Kombe ulilodhani tupu litaanza kutembea, kwa kuwa kaa amehamia ndani yake. Jongoo bahari, ambaye watoto humwona kama takataka, anakula mchanga na kuutoa umesafika. Tazama nyuma yake utaona vijichungu alivyoviacha. Ninao wanafunzi ambao darasani hawakai kitako, lakini mbele ya shimo la kaa wananyamaza wenyewe bila kuambiwa.

Ukitaka kutazama chini ya jiwe, linyanyue taratibu, tazama, kisha lirudishe lilivyokuwa, upande wa juu uwe juu. Vinavyoishi chini yake havistahamili jua. Kipande chenye mawe yaliyopinduliwa na kuachwa huwa kimekufa ndani ya muda mfupi, na hunitia uchungu kila ninapokikuta.

Shangazi yangu amechokoa pweza tangu kabla sijazaliwa. Siku ya mwanzo niliyofuatana naye aliniambia, "Usimtafute pweza, tafuta jaa lake." Pweza akila kaa na kombe huyatupa magamba mlangoni kwake, na shimo lenye magamba mapya lina mwenyewe. Mengine nimeyajua baadaye: jike akishataga hukaa akiyalinda mayai mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Vijiji kadhaa vya Unguja na Pemba siku hizi hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue na wazae. Ukikuta mahali pamefungwa, usipite, hata kama unakwenda kutazama tu.

Kwa hiyo jifunze kwa wanaofanya kazi huko. Salamu kwanza: "Asalaam alaykum," kisha "Shikamoo bibi." Msaidie kubeba ndoo yake, halafu ndipo uulize hiki kinaitwaje na kile kinaliwaje. Kamera iweke mfukoni mpaka uruhusiwe. Kinamama wa mwani, ambao kilimo chao kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, wanashinda ndani ya maji, na watakueleza jinsi joto linavyouozesha mwani kwenye kamba. Majina utakayopewa yaandike kama yalivyotamkwa. Kitu ukishakijua jina hukipiti tena bila kukisalimu.

Siku za maji mafu nenda kwenye mikoko. Ghuba ya Chwaka ina msitu mkubwa wa mikoko, na sehemu yake imo ndani ya hifadhi ya taifa pamoja na msitu wa Jozani tangu 2004. Lamba jani la mchu: utaonja chumvi, maana mti huo hutoa chumvi kwenye majani yake. Tazama mkoko wenyewe, ambao mbegu yake huota ingali inaning'inia kwa mama, ikaanguka ikiwa tayari mche. Mlilana huchanua usiku, na asubuhi utakuta nyuzi nyeupe za maua zimetapakaa juu ya maji. Nusa matope pia. Harufu ile watu huiita uvundo, mimi naipenda, ndiyo harufu ya majani yanayooza na kuwalisha kaa na kamba.

Weka daftari. Kila ukirudi andika tarehe ya mwezi mwandamo, upepo ni kusi au kaskazi, na kitu kimoja ambacho mara iliyopita hukukiona. Kimoja kinatosha. Mwaka ukizunguka utaona kwamba kusi hupandisha marundo ya mwani ufukweni, na kwamba vitwitwi na sululu, ndege wa pwani, huongezeka kuanzia Septemba. Wengi wao wametoka kuzaa kaskazini ya mbali, wengine mpaka Siberia, na ikifika Aprili hujinenepesha kwenye matope haya haya kabla ya safari ya kurudi. Wakati huo usiwafukuze wala usiache mbwa awafukuze, kila mruko unawapunguzia mafuta ya njiani.

Kombe tupu liache lilipo, kuna kaa anayelihitaji. Na mwezi ukiandama, hesabu siku mbili, ushuke saa tatu asubuhi. Ukiwa na mtoto mchukue, daftari ashike yeye.