Wiki za mwisho Thailand: malizana na karatasi kwanza, kuagana baadaye

Kama mkataba wako wa kufundisha unaisha Machi, mwezi ambao shule nyingi za Thailand hufunga mwaka, anza kujiandaa Januari. Usiniambie bado mapema. Kuanzia Februari moshi wa mashamba na misitu inayochomwa unatanda Chiang Mai, mlima wa Doi Suthep unapotea machoni, watu wanakohoa hadi ibadani, na shughuli ya nusu saa inakula siku nzima. Katikati ya Aprili ni Songkran, mwaka mpya wao: ofisi zimefungwa na kila mtu barabarani kashika ndoo ya maji. Ukibakiza karatasi hadi hapo, utazimalizia umelowa.

Vyeti: barua ya shule inayosema ulifundisha nini na tangu lini, karatasi ya kodi uliyokatwa, na hati ya tabia njema ya polisi. Hii ya polisi ofisi yake iko Bangkok na wanataka alama za vidole. Ifuate ungali huko, maana kuihangaikia ukiwa Mbeya ni mateso.

Chumba: toa taarifa mwezi mmoja kabla, kwa maandishi. Amana yako kwa kawaida ni kodi ya miezi miwili, si hela ya kuachia watu. Piga picha kila kona, hadi ndani ya friji. Na usifunge akaunti ya benki kabla amana haijaingia.

Pikipiki: usimkabidhi kijana wa kwaya ufunguo na baraka tu. Kile kitabu cha kijani kinabadilishwa jina kwenye ofisi ya usafirishaji, mwende wote wawili. La sivyo siku akigonga mtu, anayetafutwa ni wewe.

Hela: badilisha baht kuwa dola kule kule, kwani ukifika Dar utazunguka nazo duka hadi duka. Kutoka na noti za zaidi ya baht 50,000 kunahitaji kibali.

Simu: kanisa zima kule linaishi kwenye LINE, programu ya kutumiana ujumbe kama WhatsApp. Zamu za kupika, mazoezi ya kwaya, maombi ya usiku, picha za mtoto wa mchungaji, vyote viko humo, na akaunti yako imefungwa kwenye namba ya Thailand ambayo itakufa usipoiongezea salio. Weka barua pepe na nenosiri kabla hujaondoka, tena ujaribu kama inafunguka.

Sasa lile lililoniunguza mimi.

Kibali cha kukaa nchini ulichopewa kwa sababu ya kazi kinakufa siku ile ile kazi inapoisha. Rudia kusoma. Haijalishi muhuri kwenye pasipoti unasema nini. Wangu ulisema 28 Mei. Mkataba uliisha 31 Machi. Nikahesabu nina karibu miezi miwili ya kupumzika na watu wangu, nikapanga: Songkran naenda kijijini kwao dada mmoja wa kwaya, upande wa Chiang Rai, Jumapili ya mwisho ya Aprili kanisa linaniaga, tarehe 5 Mei napanda ndege. Shule ikachukua kitabu changu cha kibali cha kazi, ikanipa maua na kadi iliyosainiwa na watoto, basi. Hakuna aliyenieleza zaidi. Lakini na mimi sikuuliza, nilikuwa nanusa maua.

Jumapili baada ya Songkran tumekaa chini ya turubai nyuma ya kanisa tunakula khao soi, tambi za mchuzi wa nazi. Pembeni yangu alikuwepo mama mmoja niliyezoea kumwita phi, kama sisi tunavyomwita mtu dada mkubwa. Kazini kwake anashughulikia karatasi za wageni. Akawa ananikamulia ndimu kwenye bakuli, akauliza tu, kama mazungumzo, viza nimeshaifanyia nini. Nikamwambia niko salama hadi Mei. Mkono ukasimama juu ya bakuli.

"Kazi iliisha lini?"

"Mwezi uliopita, tarehe 31."

Akaweka ndimu chini, akafuta vidole, akaomba pasipoti. Akaifungua, akaifunga. "Khru," akasema, yaani mwalimu, "huna hata siku moja."

Faini ni baht 500 kwa kila siku uliyozidisha, na haivuki 20,000. Hiyo ndiyo nafuu. Ukipitisha siku 90 unafungiwa kuingia nchini mwaka mzima hata kama umejipeleka mwenyewe uwanja wa ndege. Ukikamatwa kabla hujajipeleka, kufungiwa kuingia kunaanzia miaka mitano, hata kama siku zenyewe ni chache. Na mimi wiki ile nilikuwa nimepita vizuizi vya polisi kwenda na kurudi Chiang Rai, nimekaa nyuma ya pikapu, nimelowa chapachapa, nawapungia mkono.

Tiketi nikaibadilisha iwe tarehe 23 Aprili, na gharama ya kuibadilisha ikamaliza akiba. Siku 23 mara 500 ni baht 11,500. Sikuwa nazo. Jumanne jioni wakaja watu saba, viatu vikajaa mlangoni, wakaimba, wakaomba, wakaacha bahasha nyeupe juu ya sanduku langu. Ndani, 12,000. Nikadhani wamechanga pale pale, kila mtu kidogo.

Miezi mitatu baadaye binti mmoja wa kwaya, katika kunipa habari za kule kanisani, akaandika kwamba mwaka ule kambi ya vijana haikuwepo. Nikauliza kwa nini. Akanyamaza siku mbili. Akaja kutuma picha ya paka.

Wathai wana neno lao, kreng jai. Ni ile hali ya kumwonea mwenzako soni kiasi kwamba ni heri ubebe mzigo wake kimya kuliko umfadhaishe. Ni tabia nzuri ajabu ukiwa mgeni, na ni hatari ukiwa mgeni mzembe, kwa sababu hakuna atakayekuambia umemlemea. Hela nimerudisha kidogo kidogo. Kila nikituma, wanaipokea kwa jina la sadaka, na tukiongea hakuna anayeitaja kambi.

Kwa hiyo fanya hivi. Wiki chache kabla ya mkataba kuisha, waulize shule, kwa maandishi, ni tarehe gani hasa wanakuhesabu umeacha kazi. Siku hiyo, au kabla yake, nenda Uhamiaji mwenyewe na pasipoti, uombe siku 7 za kuondokea. Ni baht 1,900. Ukitaka kukaa zaidi, ulizia aina nyingine ya viza wakati kazi bado ipo. Sisi Watanzania hatuna ule ujanja wa Mzungu wa kuvuka mpaka asubuhi na kurudi jioni na muhuri mpya.

Na Jumapili ya kuagwa iwe kabla mkataba haujaisha. Usikubali kusogezewa. Watakuambia subiri kidogo, fulani hajarudi kutoka kwao, na utataka kusubiri.

Zawadi zitakuwa nyingi. Pokea kwa mikono miwili na usifungue mbele ya aliyekupa, ukiwa nyumbani ndipo uangalie. Mzazi wa mwanafunzi akikupa sanamu ya Buddha, shukuru kwa heshima, ila ujue kuitoa nchini kunahitaji kibali cha Idara ya Sanaa. Mimi ningemwachia jirani. Durian haisafiri, usibishane. Chupa ya mchuzi wa samaki ifunge kwenye mifuko mitatu. Niliifunga kwenye miwili, na kitenge changu cha kanisani hadi leo kinanuka kama soko la samaki la Feri.

Pima sanduku kabla ya uwanja wa ndege. Dawa ziwe kwenye pakiti zake. Nakala za pasipoti weka mbili, mahali pawili. Usibebe kifurushi usichokifunga mwenyewe, hata cha mtu wa maombi. Na pekua mifuko yote ya nguo: Addis Ababa, nikitafuta kalamu, nilitoa kwenye koti ufunguo wa kabati la vitabu vya nyimbo, ukiwa bado na utepe wake mwekundu.