Somo: Kupima samaki wa mito ya vilimani, Shimba hadi Umba

Maji tunayokunywa Mombasa hayazaliwi Mombasa. Yanatoka chemchemi za Marere kwenye Milima ya Shimba, Mzima kule Tsavo, visima vya Tiwi na Baricho kando ya Sabaki. Sasa upande wa Kinango linajengwa bwawa la Mwache ili tuongezewe. Kila mradi ukizungumzwa, lita huhesabiwa na mabomba hupimwa, lakini samaki waliomo mtoni hawana wa kuwasemea. Mtu akitaka kuwatetea lazima aje na ushahidi uliokusanywa kabla ya ukuta kusimama. Ukishasimama, hakuna tena wa kujua palikuwa na nini.

Mito ninayoizungumzia ni ile inayoshuka kutoka vilimani. Mkurumudzi unaanzia Shimba na kuishia Gazi. Umba unatoka milima ya Usambara, Tanzania, unavuka mpaka na kuingia baharini Vanga. Juu ni mawe na maji ya baridi yenye kasi, chini ni matope na mikoko, na kila sehemu ina samaki wake.

Hatua ya kwanza: ruhusa. Utafiti nchini Kenya unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Ukiingia Hifadhi ya Shimba, tafuta pia idhini ya KWS, shirika la wanyamapori. Mwone afisa wa uvuvi wa kaunti, chifu, na chama cha watumiaji maji wa mto huo. KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, wako hapa hapa Mkomani, Mombasa. Nenda ukazungumze nao kabla hujanunua hata ndoo. Na kwa Umba, kumbuka kwamba karatasi ya Kenya haifanyi kazi ng'ambo ya mpaka.

Hatua ya pili: vituo na majira. Chagua vituo juu, katikati na chini ya mto, na kila kimoja kiwe kipande cha kama mita 100. Ndani ya kipande hicho pawepo maji ya kasi juu ya mawe, pawepo vidimbwi vyenye kina, na pawepo kingo zenye mizizi na majani. Kama kuna bwawa, weka kituo juu yake na kingine chini yake. Nenda maji yakiwa machache, Januari na Februari au Agosti na Septemba. Masika mto hauvuliki, na ni hatari.

Ila msisahau vidimbwi vya mvua kandokando. Humo huishi samaki wa jenasi Nothobranchius, wadogo wenye rangi za kupendeza. Kidimbwi kikikauka wakubwa hufa, lakini mayai hubaki hai kwenye matope hadi mvua irudi. Anayepima kiangazi tu ataandika kwamba hawapo, kisha tingatinga litakuja kufukia "shimo kavu" lenye kizazi kizima ndani yake. Kwa hiyo rudini baada ya mvua.

Hatua ya tatu: pima maji kabla ya kuyakanyaga. Joto, pH, oksijeni, uchumvi na kiasi cha tope majini. Oksijeni hupanda mchana na kushuka usiku, basi pima saa ile ile kila kituo.

Hatua ya nne: kuvua. Anzeni chini mpande juu, ili tope mnalolitibua lisiwatangulie mkawatimua samaki. Kimia, yaani wavu wa kurusha, kinafaa kwenye kidimbwi kilicho wazi. Juya dogo, wavu wa kukokota, linafaa penye mchanga. Penye mawe, mmoja ashike wavu wa mkono upande wa chini, mwenzake ageuze mawe upande wa juu. Migono, yaani mitego ya kusuka, itegwe jioni na kuteguliwa alfajiri, maana kambare na mikunga (samaki warefu kama nyoka) hutembea usiku. Kila mgono uache sehemu ya juu nje ya maji, kambare anahitaji kupanda kuvuta hewa. Utupa na sumu nyingine yoyote ni mwiko. Kuvua kwa umeme waachieni waliofunzwa na wenye kibali.

Hapa ndipo kazi nyingi za kujitolea zinapoharibika: watu huandika walichokamata, hawaandiki walivyokamata. Kimia kilirushwa mara ngapi? Macho ya wavu yana ukubwa gani? Migono mingapi, kwa saa ngapi? Bila hayo, samaki thelathini wa mwaka huu na kumi wa mwaka ujao hawana maana yoyote, kwa sababu huenda mwaka ujao mlichoka mapema. Amueni kiwango kimoja cha jitihada na mkishike kila kituo, kila msimu. Wavu ukitoka mtupu, andikeni sifuri. Sifuri ni matokeo kamili, na ndiyo itakayoonyesha mahali samaki walipotoweka.

Hatua ya tano: kumtambua. Lowesha mikono kabla ya kumshika, mkono mkavu humwondolea ute unaomkinga. Ndoo iwe kivulini na maji yabadilishwe mara kwa mara. Mpige picha ubavu wa kushoto, kichwa kikielekea kushoto, mapezi yakiwa wazi na rula pembeni. Pima urefu, kisha mrudishe pale pale alipotoka.

Wagumu kabisa ni wale wadogo wa jenasi Enteromius, ambao vitabu vya zamani huwaita Barbus. Hesabu magamba ya mstari wa ubavuni, angalia sharubu ni jozi ngapi, na kama mwiba wa pezi la mgongoni una meno. Ukishindwa, andika "Enteromius, hajatambuliwa" na namba ya picha. Jina la kubahatisha linaharibu daftari zima.

Kwa mikunga, tazama pezi la mgongoni linapoanzia. Kwa Anguilla bicolor linaanzia karibu juu ya tundu la haja. Kwa Anguilla mossambica linaanzia mbele zaidi. Wenye madoadoa ni aina nyingine. Hawa wote huzaliwa baharini na kupanda mto wakiwa wachanga, kwa hiyo mkunga aliyepatikana juu ya mto anathibitisha kuwa njia ya kutoka baharini ipo wazi. Ndiyo sababu namtaka kila mkunga aandikwe.

Hatua ya sita: vielelezo, yaani samaki wa kuhifadhiwa. Wachache tu, na pale kibali kinaporuhusu. Mafuta ya karafuu yanatosha kumlaza samaki bila mateso. Yachanganye kwanza na spiriti, hayayeyuki vizuri majini. Kipande kidogo cha pezi kiende kwenye ethanoli kwa ajili ya DNA. Baada ya hapo ndipo samaki aingie kwenye formalini ya asilimia 10, glavu zikiwa mkononi.

Hatua ya saba: hesabu. Idadi ya aina peke yake hudanganya. Tuseme vituo viwili vina aina tano na samaki mia kila kimoja. Cha kwanza kina ishirini wa kila aina. Cha pili kina 96 wa aina moja na mmoja mmoja wa zile nne. Kipimo cha Shannon, kinachoangalia wingi wa aina pamoja na jinsi samaki walivyogawanyika kati ya aina hizo, kinatoa 1.61 kwa cha kwanza na 0.22 kwa cha pili. Hicho cha pili kinahitaji kuangaliwa haraka.

Maswali ya wanachama

*Likoni: Mwalimu, juya ni ghali. Tukitumia chandarua cha mbu je?*

Hapana, ndugu yangu. Kinazoa hata vifaranga, na chenye dawa kinaua samaki kwa dawa yenyewe. Azimeni kimia kwa mvuvi, mlipeni na aje nacho. Mkono wake utawapa matokeo bora kuliko wenu.

*Msambweni: Na kichocho?*

Ni swali la lazima. Kwale kuna kichocho, na maji yaliyotulia yenye konokono ndiyo mabaya zaidi. Vaeni buti ndefu zisizopitisha maji na glavu. Aliyelowa aende kupimwa baadaye, hata kama hajisikii mgonjwa. Mamba na viboko waulizeni wenyeji wa kituo hicho siku hiyo hiyo.

*Kisauni: Perege wote naona sawa. Nitajuaje wa asili na wa mabwawa ya kufugia?*

Mtazame mkia, dadangu. Oreochromis niloticus, anayefugwa, ana mistari ya wima iliyopangika kwenye pezi la mkia. Oreochromis spilurus, wa mito yetu, hana mpangilio huo. Lakini hawa huzaana, na chotara hatambuliki kwa macho, basi mkate kipande cha pezi. Na tafadhalini, asiwepo wa kumwaga vifaranga wa bwawani mtoni. Nyavu pia zioshwe na zianikwe juani hadi zikauke kabla ya kwenda mto mwingine.

*Kinango: Babu yangu husema zamani mikunga walikuwa wengi mtoni kwetu. Naweza kuandika hilo?*

Andika, lakini kwenye ukurasa wake, usichanganye na samaki mliowapima. Mwulize walikuwa sehemu gani ya mto, walivuliwa kwa chombo gani, na mara ya mwisho kuwaona ilikuwa kabla au baada ya tukio gani analolikumbuka, kama mafuriko au kujengwa kwa daraja. Mwonyeshe picha bila kumtajia jina. Kisha nendeni naye akawaonyeshe kidimbwi chenyewe, mtege mgono pale.